Plaketi za freni zenye kulika upande moja: alama yenye shofere na musafiri wa Ituri hawapaswe kuachilia

Katika muji wa Bunia, jeep ni gari ya kazi kubwa. Iko Land Cruiser pikapu yenye kubeba mizigo na watu kuelekea Mongbwalu. Iko ambulansi yenye kuleta wamama wa uzazi kutoka vijijini. Iko ile ya mashirika yenye kuzunguka katika teritware tano za jimbo letu: Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Zote zinapita katika vumbi, matope na mawe. Na wakati fundi anatosha gurudumu, mara mingi anakuta jambo lile lile: plaketi moja ya freni ingali nene, mwenzake imelika mpaka karibu na chuma.

Wenye gari wengi wanajibu kwa namna moja tu. Wananunua plaketi mpya, wanatia, wanaendelea na safari. Kiisha miezi michache wanarudia garaje na shida ile ile, na wanasema plaketi za siku hizi ni mbaya. Inaweza kuwa kweli, sababu soko letu liko na vyombo vya kila aina. Lakini plaketi yenye kulika upande moja haiko ugonjwa wenyewe. Iko sawa homa. Mutu wa malaria akimeza paracetamol, homa inashuka, lakini malaria inabakia mwilini. Plaketi mpya inashusha homa ya gari. Ugonjwa unabakia ndani ya etriye, ndani ya fleksibule, ao nyuma kwenye resori.

Katika habari hii tunafasiria namna ya kusoma plaketi yenye imelika, ili mwenye gari ajue kitu gani aombe fundi aangalie, na hata musafiri ajue wakati gani aulize swali mbele ya kupanda.

Freni ya disiki inafanya kazi namna gani

Nyuma ya gurudumu kuko sahani ya chuma yenye kuzunguka pamoja nalo. Hiyo ndiyo disiki. Plaketi mbili zinasimama huku na huku ya disiki, moja ngambo ya ndani, ingine ngambo ya inje. Chombo chenye kuzishika kinaitwa etriye. Wakati shofere anakanyaga pedali, metre silindre inasukuma likidi ya freni katika mirija, likidi inasukuma pistoni, pistoni zinasukuma plaketi, na plaketi zinabana disiki sawa vidole viwili vyenye kubana sahani.

Kuko etriye za aina mbili, na tofauti yao iko na maana sana hapa.

Aina ya kwanza ni etriye yenye kutembea. Hiyo iko na pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma plaketi ya ndani, kiisha etriye yote inateleza juu ya vyuma viwili vidogo, tuviite miongozo, na kuvuta plaketi ya inje. Taksi nyingi za muji ziko na aina hii mbele.

Aina ya pili ni etriye yenye kusimama. Yenyewe haitembee. Iko na pistoni pande zote mbili. Land Cruiser za aina ya 70, zile tunaona sana hapa, ziko na etriye za namna hiyo kwenye magurudumu ya mbele: pistoni ine kwa kila gurudumu, mbili ndani na mbili inje. Nyuma, nyingi ziko na tambure, siyo disiki.

Katika aina zote mbili, kitu chenye kurudisha pistoni nyuma wakati unaachilia pedali ni jointi ya mupira yenye kuizunguka. Wakati wa kufunga freni, ile jointi inavutika kidogo sana. Ukiachilia, inarudi fasi yake na kuvuta pistoni pamoja nayo. Mwendo huo ni mudogo, lakini unatosha ili plaketi iache kubana disiki. Kama jointi imekauka, ao kutu na matope vimeingia, pistoni hairudi. Plaketi inaendelea kusugua disiki njia yote, hata kama shofere hakanyage kitu. Na chenye kusugua siku zote kinaisha mbele ya wengine.

Soma plaketi yako

Fundi muzuri akitosha plaketi, hazitupe mara moja. Anazipanga chini kwa utaratibu: gurudumu la kuume, gurudumu la kushoto, ya ndani, ya inje. Kiisha anaangalia. Kila namna ya kulika inaonyesha kitu.

Plaketi ya ndani imelika kuliko ya inje. Kwenye etriye yenye kutembea, hiyo mara mingi inamaanisha pistoni hairudi vizuri, ao miongozo imekauka na etriye haiteleze tena. Plaketi ya ndani inafanya kazi yote peke yake. Kwenye etriye ya Land Cruiser yenye kusimama, tafuta pistoni yenye kukwama upande ule wenye unalika sana, ao pistoni yenye haisukume tena upande wenye kubakia munene.

Plaketi ya inje imelika kuliko ya ndani. Kwenye etriye yenye kutembea, angalia miongozo. Pistoni imerudi, lakini etriye yenyewe imekwama na inaacha plaketi ya inje imegandana na disiki.

Plaketi imelika kwa mushazari, mwisho moja munene na mwisho mwingine mwembamba. Tofauti ndogo kabisa haiko shida. Tofauti kubwa inaonyesha mwongozo moja umekwama na mwingine unatembea, ao plaketi imefungwa vibaya katika kiti chake sababu ya kutu. Kwenye Land Cruiser, hiyo ni alama ya kawaida ya pistoni moja kati ya ine yenye haifanye kazi.

Gurudumu moja limelika, la ngambo ingine halijalika. Hapa ndipo hatari inakuwa kubwa, sababu gari itavuta upande wakati wa kufunga freni. Sababu ziko nyingi: pistoni zenye kukwama za gurudumu moja, mafuta ao grasi imeanguka juu ya plaketi, rulma ya gurudumu imelegea na disiki inatikisika, ao fleksibule imekufa ndani.

Ile fleksibule inadanganya watu wengi. Ni mupira wenye kupeleka likidi kutoka kwenye murija wa chuma mpaka etriye. Inje unaweza kuonekana muzima kabisa, lakini ndani umevimba kwa uzee. Shofere akikanyaga kwa nguvu, likidi inapita. Akiachilia, likidi haipate njia ya kurudi. Etriye inabakia imefunga. Fundi anabadilisha pistoni, anabadilisha plaketi, na gurudumu linaendelea kupata moto, kumbe shida iko katika ule mupira.

Mbele inaisha haraka sana, nyuma haiishe hata kidogo. Ni kawaida mbele kulika kuliko nyuma, sababu wakati wa kusimama uzito wa gari unasukumwa mbele. Lakini kama unabadilisha plaketi za mbele mara kwa mara na garnitire za tambure ya nyuma zingali sawa mpya, maana yake nyuma haikusaidie. Jambo hili kwa jeep zetu liko na hadisi yake, tutalifikia.

Juu ya nini hapa kwetu ni mingi

Barabara zetu nyingi ni za udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi, zaidi Desemba mpaka Februari, vumbi linaingia fasi yote. Wakati wa mvua, ule udongo unakuwa matope yenye muchanga ndani. Matope yanaingia kati ya plaketi na disiki na kufanya kazi ya kinolewo. Yanaingia pia nyuma ya mupira mudogo wenye kukinga pistoni. Kama mupira huo umepasuka hata kidogo, maji na muchanga vinabakia kule ndani. Kutu inaanza, na pistoni inakwama polepole.

Kwenye jeep, upande wa ndani wa gurudumu ndio unapokea matope ya njia, na ni upande ule watu hawaoshe. Mwenye gari anaosha karoseri, vioo na mipira, gari inangaa, lakini matope ya wiki nzima yangali yameganda juu ya etriye.

Jiwe dogo pia linaweza kuleta shida. Nyuma ya disiki kuko bati la kukinga. Kokoto ikiingia katikati, utasikia kelele ya chuma yenye kukwaruza, na disiki inachoreka mistari. Mafundi wengine wanatosha bati hilo kabisa ili wasisumbuliwe tena. Hiyo inaachia matope mulango wazi.

Ongeza juu ya hiyo kusimamisha gari muda murefu. Wakati barabara iko na vita, gari inaweza kukaa ndani ya kiwanja wiki nyingi. Gari yenye kukaa katika unyevu inapata kutu kwenye disiki na kwenye pistoni. Siku barabara inafunguliwa, shofere anatia muzigo na kuondoka mara moja, bila kuangalia freni.

Mwisho, Land Cruiser ziko na jambo lao lenyewe: zile zenye ekseli nzima mbele ziko na boli kubwa ya kugeuzia gurudumu, yenye kujaa grasi. Jointi zake zikizeeka, grasi yenye kuchanganyika na mafuta ya ekseli inavuja upande wa ndani wa gurudumu. Ikifikia plaketi, hiyo plaketi haishike tena. Ukiona mafuta meusi nyuma ya gurudumu la mbele, usiseme tu kwamba jeep ya zamani inatoka jasho.

Resori za kuongeza na kile chombo cha nyuma

Pikapu ya Ituri haibebe muzigo wenye kiwanda kiliandika. Inabeba mifuko, bidoni, watu juu ya mifuko, na mara ingine pikipiki juu ya watu. Ili gari isilale, mafundi wanaongeza lame katika resori za nyuma. Gari inainuka, inakuwa ngumu, inabeba. Lakini watu wachache wanajua kama ile kazi inagusa freni.

Kwenye pikapu nyingi, kati ya fremu na ekseli ya nyuma kuko chombo chenye fimbo ndogo ya chuma. Tunaweza kukiita korektere ya freni. Kazi yake ni kupima muzigo. Gari ikiwa tupu, nyuma inakuwa juu, na korektere inapunguza nguvu ya freni ya nyuma ili magurudumu ya nyuma yasifungane na gari isizunguke. Gari ikibeba muzigo, nyuma inashuka, fimbo inageuka, na korektere inaachilia nguvu mingi kwa freni ya nyuma.

Sasa fikiria umeongeza lame tatu. Gari imebeba muzigo kamili, lakini nyuma haikushuka sana. Korektere inaona sawa vile gari iko tupu. Inapunguza freni ya nyuma wakati ule ule unaihitaji zaidi. Kazi yote inaanguka mbele. Plaketi za mbele zinapata moto, zinaisha haraka, na mwenye gari anaendelea kulaumu muuzaji wa plaketi.

Dawa haiko ya bei kubwa: kisha kuongeza lame, fundi anapaswa kurekebisha fasi ya ile fimbo kwa kupima, siyo kuikata na siyo kuifunga na waya. Vilevile aangalie tambure za nyuma. Ndani yake kuko kichombo chenye kusogeza garnitire kila mara zinalika. Matope yakikikamata, garnitire zinabakia mbali na tambure. Pedali inashuka sana mbele ya kushika, na freni ya mukono inavutika mpaka juu bila kusimamisha kitu.

Mutelemuko wa Kasenyi hausamehe

Bunia iko kwenye urefu wa karibu metre 1 275 juu ya bahari. Ziwa Albert liko karibu metre 620. Mutu akitoka Bunia, anapita Bogoro, kiisha anashuka kuelekea Kasenyi na Tchomia, gari yake inapoteza urefu wa zaidi ya metre 600, na sehemu kubwa yake ni kwenye ule mutelemuko wa bonde. Pikapu zinashuka na bidhaa na watu, zinapanda na samaki.

Tufanye hesabu ndogo. Jeep yenye kubeba muzigo inaweza kufika tani 3. Kushusha tani 3 kwa metre 650 kunatoa nguvu yenye ingetosha kufikisha litre zaidi ya 50 za maji kwenye kuchemka. Hizo ni bidoni mbili na nusu za manjano. Ile nguvu lazima iende fasi fulani. Sehemu moja inachukuliwa na motere na barabara. Yenye kubakia yote inageuka moto katika freni.

Kama freni zote ine zinafanya kazi sawa, zinagawana moto huo. Kama gurudumu moja la mbele limekwama na nyuma haishike, moto unaenda fasi moja. Plaketi yenye kupata moto kupita kiasi inaanza kuteleza: shofere anakanyaga, pedali iko ngumu, lakini gari haisimame. Kiisha moto unafikia likidi. Likidi ya freni inakunywa maji ya hewa polepole. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kuvumilia moto wa angalau digri 205 mbele ya kuchemka; ikishakunywa maji, kipimo chake kinashuka na kinaweza kufika digri 140. Likidi ikichemka, inafanya mvuke ndani ya mirija. Mvuke unabanwa sawa sponji. Pedali inaenda mpaka chini, na hakuna kitu.

Ndiyo sababu shofere mwenye uzoefu anashuka mulima na viteso ile ile ao ya chini kuliko ile angetumia kuupanda. Motere inashika gari, freni inasaidia tu kwa kukanyaga na kuachilia. Kushuka na pwemori ili kuhifadhi mazutu ni mazoea ya kifo. Na kuzima motere ni kubaya zaidi: msaada wa pedali unatokana na hewa yenye kuvutwa wakati motere inazunguka. Ikizimwa, kisha kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu sawa ukuta.

Kuko pia jambo lenye kila mukaaji wa Ituri anajua. Kwenye barabara ya kitaifa namba 27, ile ya kuelekea Iga Barrière na Mahagi, vikundi vyenye silaha vimeshambulia magari mara mingi katika miaka hii. Freni ikipata moto katikati ya pori, shofere anapaswa kuchagua kati ya kusimama ili ipoe na kuendelea bila freni. Uchaguzi huo haupaswe kufanyika njiani. Unafanyika garaje, siku mbili mbele ya safari.

Vipimo vyenye unaweza kufanya wewe mwenyewe

Haviombe mashine. Vinaomba kriki, ufunguo wa magurudumu, na saa moja.

Kwanza, kipimo cha moto. Endesha gari kilometre kama 10 kwenye barabara ya kawaida, bila kutumia freni sana. Simama polepole. Karibisha mukono kwa kila gurudumu bila kugusa disiki, sababu inaweza kukuunguza vibaya. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko wenzake, ao maji kidogo yakilia na kukauka mara moja juu ya disiki moja tu, umepata penye kuanzia.

Pili, kipimo cha kuzungusha. Weka mawe kwenye magurudumu yenye kubakia chini, inua gurudumu na kriki, tia kitu kigumu chini ya ekseli. Usitumainie kriki peke yake. Tia gari pwemori na zungusha gurudumu kwa mukono. Mwambie mutu akanyage pedali, kiisha aachilie. Gurudumu linapaswa kuzunguka tena karibu mara moja. Likikwama, fungua kidogo vise ya kutoshea hewa kwenye etriye. Likidi ikiruka na gurudumu kulegea, shida iko juu: fleksibule ao metre silindre. Gurudumu likibakia limekwama, shida iko ndani ya etriye yenyewe. Hiki kipimo kimoja kinaweza kukuokolea bei ya vyombo vyenye hukuhitaji.

Tatu, kipimo cha rulma. Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likitikisika, rulma inapaswa kukazwa ao kubadilishwa mbele ya kufikiria plaketi.

Ine, kipimo cha unene. Plaketi mpya mara mingi iko na milimetre 10 hivi za kitu chenye kusugua, bila kuhesabu chuma chake. Kwa barabara zetu, ikifika milimetre 3, badilisha. Usingoje chuma kianze kulia. Na disiki pia iko na mwisho wake: unene wa chini kabisa wenye kukubaliwa mara mingi umeandikwa juu ya disiki yenyewe.

Kutengeneza: vyenye kufaa na vyenye kukatazwa

Badilisha plaketi za magurudumu yote mawili ya ekseli moja, hata kama ni moja tu imeisha. Ukitia mpya kuume na kuachilia ya zamani kushoto, wewe mwenyewe umetengeneza gari yenye kuvuta. Fleksibule vilevile: zinabadilishwa mbili mbili.

Usafishe kiti cha plaketi na burashi ya chuma mpaka plaketi itembee bila kulazimishwa. Miongozo ya etriye inapakwa grasi ya pekee yenye kuvumilia moto na yenye haiharibu mupira. Grasi ya kawaida ya rulma inavimbisha mipira, na kisha wiki chache mwongozo unakwama kuliko mbele.

Pistoni yenye mashimo ya kutu haiponyeshwe na papye emeri. Unaweza kuisugua ikangaa, lakini mashimo yatakata jointi mpya. Badilisha pistoni, jointi, na mipira ya kukinga vumbi, vyote pamoja.

Usioshe vyombo vya ndani na esanse ao mazutu. Mupira wa jointi unavimba. Tumia likidi ya freni safi ao alkoli. Na katika kopo la likidi usitie mafuta ya motere, mafuta ya direksyo ao maji ya sabuni. Mafuta ya namna hiyo yanaharibu jointi za freni yote, kutoka metre silindre mpaka nyuma, na yule mwenye alitaka kuhifadhi dola chache atanunua kila kitu upya. Likidi ibadilishwe kisha kila miaka miwili, hata kama inaonekana ingali iko.

Kuko zoea lingine lenye linapaswa kuisha. Etriye ikivuja na chombo kikikosekana, mafundi fulani wanaponda murija wa chuma ili kufunga likidi, na gari inatoka garaje na freni tatu. Wanasema ni ya kufikisha nyumbani tu. Lakini gari inapona kidogo, inasahaulika, inabeba watu, na inashuka Kasenyi. Kama murija umepondwa mbele, kila mara shofere anakanyaga kwa nguvu gari inaruka upande wa gurudumu zima. Upande huo unaweza kuwa na pikipiki, mutoto, ao shimo la bonde.

Neno kwa mafundi wenyewe: musipulize vumbi la freni na kompresere ao kwa kinywa. Plaketi na garnitire za zamani, na zile zenye hazijulikane zinatoka wapi, zinaweza kuwa na amianti. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema wazi kwamba amianti ya aina zote inaleta kansere. Mwangieni maji kwanza, kiisha mupanguze na kitambaa chenye maji. Vijana wenye kujifunza kazi mara mingi ndio wanaketi chini ya gurudumu, na mapafu yao hayana sehemu ya akiba sokoni.

Musafiri naye afanye nini?

Musafiri hafungue gurudumu. Lakini masikio, pua na macho anayo. Akisikia chuma kikilia kila mara gari inapunguza mwendo, akisikia harufu ya kuungua kisha mutelemuko mudogo, akiona shofere anapigana na volan wakati wa kusimama, ao anapiga pedali mara mbili tatu mbele gari ishike, hizo ni alama. Kuuliza haiko dharau. Ni afazali kuuliza ndani ya muji, pale gari ingine inapatikana, kuliko kunyamaza mpaka Bogoro.

Mwenye gari naye apige hesabu yake. Kusafisha etriye, kubadilisha mipira midogo ya kukinga vumbi, kurekebisha fimbo ya korektere: hizo ni kazi za asubuhi moja. Zinafanya plaketi zimalize wakati wao kamili, pande zote sawa. Kila mara fundi anatosha plaketi za zamani, omba akuonyeshe zote ine za mbele, zimepangwa chini, ya ndani na ya inje, kuume na kushoto. Kama ziko sawa, ulipe na uende. Kama haziko sawa, usikubali atie mpya mbele ya kukuambia juu ya nini.